Ripoti za mwisho wa mwezi dakika 40 tangu tuhamie VM, nimeongeza prosesa hakuna kitu

karani_wa_seva (Jumatatu, saa 4:10 asubuhi)

Wakuu habari za kazi. Naombeni msaada maana wiki iliyopita nimeitwa ofisini kwa mhasibu mkuu mara tatu na ile ya tatu sikukaribishwa hata kiti.

Sisi tunasambaza vifaa vya ujenzi, makao makuu Dar, matawi yako Mwanza, Mbeya, Dodoma na Mtwara. Ripoti zote zinatoka SSRS (programu ya ripoti ya Microsoft), databesi ni SQL Server 2019 Standard. Zamani ilikuwa kwenye seva ya chuma, prosesa moja ya kori 8 na RAM 32, limashine limechoka linanguruma kama mashine ya kusaga lakini kazi lilikuwa linafanya. Mwezi wa pili akaja mkandarasi akatuhamishia VMware, yaani seva pepe (VM) zinazoishi ndani ya mashine moja kubwa (hosti), injini ya SQL na SSRS vyote ndani ya VM moja, Windows Server 2019. Akasema sasa mambo yatakuwa moto. Kweli yamekuwa moto.

Ripoti ya madeni ya wateja, ile ya siku 30, 60, 90, kwenye seva ya zamani ilikuwa dakika 6 au 7. Mwezi wa tatu kwenye VM ikawa kama 9, nikasema huo ni ugeni itazoea. Sasa hivi ni dakika 38 mpaka 40 na wahasibu wanaifungua wanaenda kunywa chai wanarudi bado inazunguka tu.

Ya pili ni ripoti ya mauzo kwa tawi. Hii ndo inanichanganya kabisa, kwiri yake (amri ya kuchota data) nikiikopi nikaipest kwenye Management Studio, programu ya kuongea na SQL moja kwa moja, inatoa majibu sekunde 20, ileile kwenye ripoti dakika 11, na kuna siku haina tatizo lolote. Ya tatu, ripoti ya kwanza kabisa asubuhi, iwe yoyote hata ya mistari kumi, inachelewa halafu zinazofuata zinakwenda.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeriboti nimechoka, nimejenga upya indeksi zote, vCPU (prosesa za VM) nimetoka 4 nikaomba 8, RAM nimepandisha kutoka 24 mpaka 32. Hamna kilichobadilika hata sekunde. Tarehe 20 kuna ritani ya VAT na hawa watu wanataka ripoti zao mapema wazilinganishe. Bosi ameanza kusema tununue prosesa nyingine. Nianzie wapi?

kijana_wa_nyaya (Jumatatu, saa 4:31 asubuhi)

Mkuu pole. Umejaribu kuizima na kuiwasha? 😂 Natania. Badilisha kadi ya mtandao ya VM, kama ni E1000 weka VMXNET3, mi ilinisaidia sana.

MzeeWaLogi (Jumatatu, saa 5:02 asubuhi)

Kijana, injini na SSRS viko mashine moja, data haipiti hata kwenye hiyo kadi mpaka ripoti ishaiva. Tusianze kurusha mawe gizani.

Karani, umeleta magonjwa matatu ukayapa jina moja. Inawezekana kabisa kila ripoti ina ugonjwa wake, kwa hiyo kwanza tujue muda unaliwa wapi. SSRS inajiandikia yenyewe, nenda databesi inaitwa ReportServer, piga hii:

SELECT TOP 50 ItemPath, TimeStart, TimeDataRetrieval, TimeProcessing, TimeRendering, Status FROM ExecutionLog3 ORDER BY TimeStart DESC

Hizo safu tatu za Time ni milisekunde. Ya kwanza ni muda wa kuchota data kwenye databesi, ya pili ni SSRS inapanga makundi na jumla zake, ya tatu ni kuchora ukurasa au kutengeneza Ekseli au PDF. Kama muda unaliwa kwenye ya tatu basi SSRS ndo mgonjwa, pengine ripoti ina kurasa elfu tano mtu anaitaka kwa Ekseli. Kama ni ya kwanza, iache SSRS kabisa, haina kosa, inasubiri kama wewe tu. Logi inatunzwa siku 60 kama hujagusa setingi kwa hiyo ulinganishe na ya mwezi uliopita.

Halafu swali dogo. Kwa kawaida SSRS inakata ripoti ikifika sekunde 1800, yaani dakika 30. Ya kwako inafikaje 40?

karani_wa_seva (Jumatatu, saa 6:20 mchana)

Mzee hapo umenishika. Walipoanza kulalamika inakatika nikaondoa kikomo. Nikajua nimetatua.

Majibu ya ripoti ya madeni, ya ijumaa: TimeDataRetrieval 2,214,000, TimeProcessing 41,000, TimeRendering 18,000. Status rsSuccess. Kuna nyingine nne siku hiyohiyo za ripoti hiyohiyo zimeandikwa rsProcessingAborted.

MzeeWaLogi (Jumatatu, saa 6:34 mchana)

Hizo nne ni watu waliochoka kusubiri wakafunga brauza wakafungua tena, na kila aliyefungua tena amekuongezea kazi kwenye seva.

2,214,000 ni karibu dakika 37. SSRS yenyewe imekula dakika moja tu. Kesi imehamia kwenye SQL na kwenye VM. Nampisha binti_kwiri, mimi huko naingia na viatu.

binti_kwiri (Jumatatu, saa 8:15 mchana)

Asante mzee. Kaka karani, nitakuuliza vitu vinne, usibadilishe kitu bado, nijibu tu.

Kwanza sys.dm_os_wait_stats, panga kwa wait_time_ms, niambie kitu gani kiko juu ukiacha vile vya usingizi kama SLEEP_TASK. Injini ya SQL kila inaposubiri kitu inaandika ilikuwa inasubiri nini, ni kama mlinzi mwenye daftari la getini.

Pili, max server memory umeweka ngapi? Usiniambie 2147483647 nitalia, maana hiyo ndo namba inayokuja nayo na maana yake ni kula yote. Ukiwa na SSRS humohumo ndani, SQL inameza RAM yote halafu SSRS na Windows wanagombania makombo.

Tatu, fungua ERRORLOG ya SQL, mwanzoni kabisa pale inapowaka, tafuta mstari wenye neno sockets, uulete hapa kama ulivyo.

Nne, una ruhusa ya kuona vCenter, pale VM zinaposimamiwa? Angalia hiyo VM ina snapshoti ngapi na za lini.

Naanza kuhisi la tatu na la nne lakini sisemi.

chumvi_ya_pwani (Jumatatu, saa 8:40 mchana)

Hapa Mombasa sisi tuko Hyper-V lakini hilo la nne naliunga mkono kwa mikono miwili. Kwetu zaitwa checkpoint, ukiangalia folda ya diski waona faili za AVHDX zimelala tu. Tulikuwa na moja ya miezi saba, yule aliyeitengeneza alishaacha kazi, na sisi twalaumu programu ya ripoti kila siku.

Pia angalia power plan ndani ya Windows, kama iko Balanced weka High performance. Na BIOS ya hosti vilevile. Si ajabu prosesa yako yaenda kwa kusinzia.

karani_wa_seva (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)

Wakuu nimerudi. Sijui nicheke au nilie.

Ya kwanza: PAGEIOLATCH_SH iko juu kabisa, ya pili iko mbali. Ya pili: dada usilie, ni 2147483647. Ya tatu nimekopi:

SQL Server detected 8 sockets with 1 cores per socket and 1 logical processors per socket, 8 total logical processors. Using 4 logical processors based on SQL Server licensing.

Ya nne: nina ruhusa ya kuangalia tu. Snapshoti ziko mbili, moja imeandikwa "kabla ya apdeti", ya mwezi wa nne, nyingine inaonekana imeachwa na programu ya bakapu. Faili za nyongeza jumla GB 310. Tuko mwezi wa tisa.

Na mtu mmoja aliniambia niangalie CPU Ready (muda ambao VM inasubiri zamu ya prosesa), kwenye grafu ya VM inasoma 1,300. Nimegawa kwa 20,000 nimepata asilimia 6.5. Nimesoma mahali zaidi ya 5 ni mbaya. Ndo hiyo?

binti_kwiri (Jumanne, saa 3:48 asubuhi)

Nianze na rahisi. CPU Ready ya 1,300 hiyo ni jumla ya VM nzima kwenye kipindi cha sekunde 20, na VM yako ina vCPU 8, kwa hiyo hiyo 6.5 igawe tena kwa 8, unapata kama 0.8 kwa kila vCPU. Hamna shida hapo. Ile 5 watu wanayoisema ni kwa vCPU moja. Nimeshaona mtu amenunua hosti mpya kwa sababu ya kusahau kugawa.

Sasa soma tena ule mstari wako wa ERRORLOG. Umeiona "using 4"? SQL Server 2019 Standard inaruhusiwa soketi 4 au kori 24, kile kinachofikiwa kwanza. Mkandarasi amekupa vCPU kama soketi nane zenye kori mojamoja, yaani SQL inaona mtu ana prosesa nane nzima mezani, inachukua nne za kwanza, zilizobaki inazigeuzia mgongo. Ulipotoka 4 kwenda 8 hukuongeza kitu, uliongeza mapambo. Ukitaka kuhakikisha piga sys.dm_os_schedulers utaziona nne zimeandikwa VISIBLE OFFLINE.

Dawa yake: zima VM, kwenye setingi weka soketi 1 yenye kori 8, au soketi 2 zenye kori 4 kama mpangilio wa hosti yenu unafanana na huo. Hulipi hata senti kwa kubadilisha umbo. Ila laisensi yenu ni ya kori au ya seva na CAL (laisensi ya kila mtumiaji au kifaa)? Kama ni ya kori, kwenye VM kila vCPU inahesabika na chini ya 4 hawakuuzii, kwa hiyo kabla bosi hajaongeza nyingine akajue anajiongezea bili.

karani_wa_seva (Jumanne, saa 3:55 asubuhi)

Seva na CAL. Kwa hiyo miezi miwili bosi anaambiwa tumeongeza nguvu mara mbili 🤦🏾 na mimi ndo niliyemwambia.

MzeeWaLogi (Jumanne, saa 4:20 asubuhi)

Umefika, wengine hawafungui ERRORLOG mpaka wanastaafu.

Lakini prosesa siyo iliyofanya dakika 6 ziwe 38. PAGEIOLATCH_SH maana yake SQL imeomba ukurasa wa data kutoka diski ikashika tama inasubiri, na hiyo snapshoti ndo mtuhumiwa wangu. Ngoja nieleze kwa wasiojua maana najua kuna wanaosoma kimya.

Chukulia daftari la duka. Siku unapopiga snapshoti unaambiwa hili daftari lisiguswe tena kalamu, marekebisho yote yaandikwe kwenye vikaratasi vya pembeni. Mteja akija kuuliza deni lake huwezi kusoma daftari moja kwa moja, uangalie kwanza kwenye vikaratasi kama kuna kipya, kisipokuwepo ndo urudi kwenye daftari. Siku tatu si neno. Miezi mitano duka lenye mauzo kila dakika, una gunia la vikaratasi, na juu yake bakapu imeongeza gunia la pili, jumla GB 310. Ndo maana mwezi wa tatu ilikuwa dakika 9 na imeendelea kuchoka kidogokidogo, ulisema mwenyewe kwenye swali lako ila tukapita. VMware wenyewe wanasema snapshoti moja isizidi saa 72. Na siyo bakapu jamani, daftari likiungua vikaratasi havikusaidii kitu.

Angalia pia sys.dm_io_virtual_file_stats uone wastani wa kusoma kwa faili la databesi. Ikiwa chini ya milisekunde 20 nitakuwa nimekosea na nitaomba radhi.

karani_wa_seva (Jumanne, saa 4:41 asubuhi)

Nimegawa io_stall_read_ms kwa num_of_reads. 84.

MzeeWaLogi (Jumanne, saa 4:43 asubuhi)

Radhi imebaki mfukoni.

kijana_wa_nyaya (Jumanne, saa 5:10 asubuhi)

Si afute tu sasa hivi hiyo snapshoti, bofya Delete All watu wale chakula cha mchana?

chumvi_ya_pwani (Jumanne, saa 5:26 asubuhi)

Ndugu yangu usimwambie hivyo mtu mwenye kazi na watoto! Kufuta snapshoti si kutupa, ni kurudisha zile GB 310 zote ndani ya diski mama, na wakati huo databesi yaendelea kuandika. Itachukua saa nyingi, diski itakuwa taabani, na mwisho kabisa VM hushikwa kidogo kama imezimia. Watu wa kaunta wakiwa wauza utaskia kelele mpaka Kariakoo.

Afanye wikendi. Kwanza ahakikishe diski ya hosti ina nafasi. Pili bakapu kamili ya databesi kwa SQL yenyewe, iwekwe nje ya VM. Tatu asisimamishe bakapu ya usiku kwa kukisia, amuulize anayeisimamia asije ikaanza katikati. Na ikifika asilimia 99 ikakaa hapo saa nzima asiguse kitu. Hapo ndipo watu huingiwa na kiherehere.

binti_kwiri (Jumanne, saa 6:02 mchana)

Haswa. Na ukishazima VM kwa ajili ya soketi, humohumo maliza la memori. Kwa RAM 32 mimi ningempa SQL 24576, zile GB 8 zibaki za Windows na SSRS. Kisha muombe mwenye vCenter akuangalizie Ballooned memory. Kama hosti imegawa RAM kuliko iliyonayo, VMware Tools inapuliza puto ndani ya VM yako, Windows inaona memori imekwisha, SQL inaanza kuachia kurasa ilizokuwa imezitunza, halafu kwiri inayofuata inaenda tena diskini. Na diski yako ndo hiyo ya 84. Umeona zinavyoshikana mikono?

Ripoti ya mauzo kwa tawi usiichanganye na hii, huo ni ugonjwa mwingine. Asubuhi nani anaifungua kwanza?

karani_wa_seva (Jumanne, saa 6:30 mchana)

Sijawahi kufikiria. Ngoja niangalie UserName kwenye ile logi.

Mara nyingi ni dada wa Mtwara, anafika ofisini kabla ya watu wote. Siku ambazo ripoti haina tatizo inaonekana Dar ndo walianza.

binti_kwiri (Jumanne, saa 6:52 mchana)

😄 Huyo dada hana kosa ila ndo mwenyewe.

SQL ikipokea kwiri yenye parameta (nafasi ya kujaza, kama tawi) kwa mara ya kwanza inaangalia thamani iliyokuja, inatengeneza plani, yaani njia ya kuchota data, inayoifaa, inaitunza kwenye kashe. Mtwara mna mistari mingapi kwa mwezi, elfu mbili? Plani ya elfu mbili ni kuchukua mojamoja kwa kuruka kwenye indeksi. Anakuja Dar na mistari laki tisa anapewa plani ileile ya Mtwara, ni sawa na kuhamisha kontena la saruji kwa toroli. Dar akitangulia inatengenezwa plani ya lori, na Mtwara akipanda lori hapati shida sana.

Kwenye Management Studio ni sekunde 20 kwa sababu wewe uliandika namba ya tawi moja kwa moja ndani ya kwiri, na pia Management Studio inawasha setingi ya ARITHABORT wakati SSRS haiwashi, kwa hiyo plani zao haziko kapu moja. Usijaribu kutibu kwa kuwasha ARITHABORT, utapona siku mbili kwa bahati ya plani mpya kisha irudi.

Mwisho wa kwiri ya ripoti ongeza OPTION yenye RECOMPILE, itengeneze plani mpya kila mara. Inakula prosesa kidogo tu, kwa ripoti inayofunguliwa mara 30 kwa siku hutaiona. Halafu kama safu ya msimbo wa tawi ni ya aina ya maandishi ya varchar, ibane parameta kwa CAST iwe varchar, maana SSRS inatuma maandishi kama nvarchar, aina nyingine, na SQL inaweza kulazimika kubadilisha safu nzima badala ya kutumia indeksi.

MzeeWaLogi (Jumanne, saa 7:15 mchana)

Na la tatu nilimalize mimi, la ripoti ya kwanza asubuhi. Mara ya mwisho uliwasha huduma ya SSRS saa ngapi?

karani_wa_seva (Jumanne, saa 7:20 mchana)

Nikiriboti huwa ni jioni watu wakishatoka. Kama saa moja usiku.

MzeeWaLogi (Jumanne, saa 7:24 mchana)

Fungua faili la rsreportserver.config utafute RecycleTime. Utakuta 720, ni dakika, yaani saa 12. SSRS kila saa 12 inajisafisha na kuanza upya, na anayegonga mlango wa kwanza baada ya hapo ndo anangoja ivae nguo. Wewe umeiwasha saa moja usiku, inajisafisha saa moja asubuhi, dada wa Mtwara anaingia. Huyo dada anastahili soda.

Unaweza kupandisha hiyo namba, ila mimi naona rahisi zaidi kuweka ripoti ndogo ijitume yenyewe kwa barua pepe saa moja na nusu asubuhi. Inaiamsha kabla watu hawajafika.

karani_wa_seva (Jumapili, saa 4:50 usiku)

Wakuu mrejesho. Nimelala saa tatu tu tangu jana kwa hiyo mnisamehe mwandiko.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni tulianza kuunganisha snapshoti, mkandarasi akiwa kwenye simu. Kwanza alikataa kwamba kuna snapshoti, kisha akasema ni ya usalama, kisha akasema ilikuwa ya kufutwa. Imechukua saa 5 na nusu. Ilifika 99 ikakaa dakika 50, chumvi_ya_pwani ningekuwa sijasoma ujumbe wako ningeizima pale, mkono ulikuwa kwenye mausi.

Baada ya hapo kabla ya kugusa kingine nikafungua ripoti ya madeni: TimeDataRetrieval 518,000, kama dakika 8 na nusu. Wastani wa kusoma diski, nikitoa hesabu ya kabla na baada, 11.

Kisha nikazima VM, soketi 2 zenye kori 4, max server memory 24576. Puto lilikuwa kweli, GB 6, wamenitengea RAM yangu yote 32 isichukuliwe na VM nyingine. ERRORLOG sasa inasema using 8. Ripoti ya madeni 287,000, haifiki dakika 5. Hiyo ni chini ya seva ya chuma.

Mauzo kwa tawi na RECOMPILE: Mtwara sekunde 3, Dar sekunde 24, nimebadilisha utaratibu wa nani aanze mara nne hamna tofauti. Safu ilikuwa varchar kweli. Na kikomo cha sekunde 1800 nimekirudisha.

binti_kwiri (Jumapili, saa 5:08 usiku)

Hongera kaka, ulivyofanya kimoja kimoja na kupima katikati ndo vizuri, vinginevyo ungebaki unabishana na mkandarasi nani alikuponya. Kesho ikiwa wahasibu wote wameingia leta namba tena, usiku wa jumapili kila seva ni nzuri.

chumvi_ya_pwani (Jumatatu, saa 1:40 asubuhi)

Mashallah. Swali moja kabla hujalala fofofo: ufunguo wa siri wa SSRS umeuweka wapi?

karani_wa_seva (Jumatatu, saa 2:15 asubuhi)

Ufunguo gani tena jamani

chumvi_ya_pwani (Jumatatu, saa 2:22 asubuhi)

Alaa. Paswedi zote ambazo ripoti zatumia kuingilia databesi zimefungwa kwa ufunguo mmoja. Siku ukilazimika kuisimamisha SSRS kwenye VM nyingine ukairudisha databesi ya ReportServer bila ule ufunguo, wapata rsReportServerDisabled na kazi imelala. Wabaki na njia moja, kufuta vyote vilivyofungwa, kisha uanze kuandika paswedi na njia za kuunganisha mojamoja kwa kila chanzo cha data. Ripoti zenyewe zitakuwepo lakini hazitaweza kwenda popote.

Fungua Report Server Configuration Manager, upande wa kushoto Encryption Keys, bofya Backup. Itakupa faili dogo la .snk na itakutaka uweke paswedi. Lisikae ndani ya VM hiyohiyo. Ni dakika mbili.

karani_wa_seva (Jumatatu, saa 3:30 asubuhi)

Nimefanya. Faili liko sehemu mbili nje ya VM, paswedi nimeiandika kwenye karatasi ndani ya bahasha na nimempelekea mhasibu mkuu aifungie kwenye kasiki lake. Akaniuliza hii ni nini, nikamwambia. Akasema kaa. Namba za asubuhi hii wahasibu saba wakiwa ndani: madeni 331,000, na dada wa Mtwara anauliza leo seva imepatwa na nini maana imefunguka kabla hajaweka begi chini.